Asubuhi Nane Nilizoitika kwa Niaba ya Wifi

Mwenzangu unayesoma, sogea hapa karibu. Nakuambia wewe kwa sababu nakuamini kwamba utanisikiliza mpaka mwisho ndiyo unihukumu. Mume wangu nilimweleza nusu. Mama yangu, Mungu amrehemu, sikumweleza hata hiyo nusu. Na mimi si mtu wa kuandika. Kusoma nimejifunza nikiwa na watoto wanne, kwenye darasa la jioni ambalo karani wa shamba alikuwa akitufundisha ndani ya banda la magunia, sisi tumekalia marobota ya mkonge. Ukikuta neno limekwenda kombo, vumilia.

Ilikuwa miaka michache baada ya vile vita vya pili vya Wazungu kwisha. Tulikuwa tunakaa kwenye kambi ya shamba moja la mkonge upande wa Mlandizi, si mbali na mto Ruvu. Mume wangu alikuwa kwenye korona, ile mashine inayokamua majani ya mkonge. Sisi wanawake tulikuwa genge la kuanika. Singa zikitoka kwenye mashine, zile nyuzi mbichi, zinanuka na zinawasha ngozi, unazichukua begani unazitundika kwenye waya, mstari kwa mstari, mpaka zikauke ziwe nyeupe. Kila mtu ana mistari yake. Ukimaliza mistari yako umemaliza siku, nenda kapike.

Sasa kuna kitu lazima nikueleze, maana bila hicho hutaelewa kilichotupata. Kipande. Kipande ni kadi, ina namba yako juu na visanduku thelathini chini yake. Ukifanya kazi siku moja, nyapara anatia alama kisanduku kimoja. Vikitimia thelathini unalipwa. Lakini visitimie kwa wakati, ukikosakosa siku nyingi katikati, kipande kinakufa na alama zako zinakufa nacho, unaanza upya. Na siku usiyokuja, posho ya unga siku hiyo huna. Asiyekuja aliitwa mtoro. Hawakuuliza kwa nini. Mtoro tu, kama ng'ombe aliyekata kamba.

Na kutokuja kulikuwa kwingi, nisikufiche. Leo huyu kafiwa Masaki, ile ya Kisarawe, na msiba wa kwetu ni siku tatu, huwezi kwenda kutia mchanga ukageuka. Kesho yule nguruwe wameingia kwenye mihogo yake, asipolala shamba watoto watakula nini? Kesho kutwa mtoto ana homa. Mwingine mwali wake anatolewa nje wiki hiyo, na mama wa mwali atakuwaje hayupo? Wako na waliolala tu, sitasema hawako. Lakini Bwana wa shamba, yule Mzungu, machoni pake wote ni mmoja: wavivu.

Basi tukabuni njia yetu. Alfajiri reli iliyotundikwa inagongwa, tunakusanyika mbele ya banda, giza bado, kila mmoja kajitanda khanga mpaka usoni kwa baridi na umande. Nyapara anaita namba. Haiti majina, anaita namba. Ukiitwa unasema "Nipo!" Mwenzako akiwa hayupo, namba yake ikiitwa, wewe unabana sauti kidogo unasema "Nipo!" tena. Kipande chake unacho, umekitia mkononi pamoja na chako. Halafu ile mistari yake tunagawana. Huyu miwili, yule mmoja, mpaka inakwisha. Kesho na wewe ukikwama, wenzako watakuitikia. Nani angeona ubaya hapo? Sisi tuliona ndiyo ujirani wenyewe. Tuliona tunasitiriana, na Mungu anapenda anayemsitiri mwenzake.

Nyapara alijua? Alijua. Alikuwa na macho. Lakini genge lake likitimia, yeye hakaripiwi ofisini. Na genge lililokaa mwezi mzima bila mtoro lilipewa gunia la mchele. Sisi tulilipata. Tulilipika siku ya Maulidi, kambi nzima ikala, na mimi ndiye niliyesimamia masufuria.

Kulikuwa na mtu mmoja tuliyemchukia, dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati ya kambi. Alikuwa mtu mzima, mpole kusema kweli, ana mkoba wa dawa na viatu vya turubai. Kazi yake asubuhi ilikuwa hii: nyapara akimaliza kuita, anampa dresa namba za wasioitika. Dresa anazifuata nyumba kwa nyumba kuwaangalia. Mgonjwa anampa dawa na kumwandikia. Mzima anamripoti. Tulimwita Mnusa Vitanda. Mtani wangu, Mnyamwezi mmoja aliyekuja na mumewe kutoka bara, ndiye aliyempa jina hilo. Yule mwanamke Mungu alimpa mdomo.

"Anakuja Mnusa Vitanda," alikuwa akisema. "Mzaramo, ficha mkeka wako, usije ukanuka uvivu."

"Sisi hatuna uvivu," nami namjibu. "Wavivu ni nyie mlioletwa pwani kubeba mizigo, mkafika mkashindwa kurudi."

"Tungerudi vipi, na nyie mmekalia ngoma njia nzima?"

Tunacheka, singa begani. Ndivyo tulivyokuwa tunaipitisha siku.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu wa tumbo moja, nyumba yake ilikuwa ubavuni kwangu. Mumewe alikuwa akikata kuni za reli huko Ruvu, anarudi Ijumaa kwa Ijumaa. Binti mdogo, mcheshi, mikono yake myepesi kwenye waya kuliko sisi wote. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Hii ya pili aliificha. Kwetu mimba haitangazwi, watu wana macho, na aliyekwisha kupoteza moja anaificha zaidi. Alijifunga khanga mbili kiunoni na kuendelea na kazi. Mimi nilijua kwa kuwa nilikuwa namfulia nguo, na miezi ilipita bila damu.

Asubuhi moja, adhana haijatolewa, akanigongea. Namkumbuka amesimama mlangoni, ameshika mwimo.

"Wifi, kichwa kinanipasuka."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Na miguu hii tazama, viatu haviingii."

Nikashika mguu wake. Nilipotoa kidole, shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Nikamwambia, "Leo usiende. Nitamwambia nyapara, dresa aje akuone."

Akanishika mkono. "Usimwambie, wifi yangu. Dresa akiniona hivi ataandika niondolewe kwenye genge. Kipande changu kina alama ishirini na mbili. Bado nane tu. Nataka nikitimize kabla sijajifungua, ninunue nguo za mtoto kwa mkono wangu. Niitikie tu. Nikilala siku mbili nitapoa."

Mimi ni mtu wa swala, na uwongo naujua ni uwongo. Lakini nilikuwa nimekwisha kuwaitikia wangapi? Na huyu ni damu ya mume wangu. Nikachukua kipande chake.

Nikaswali alfajiri, nikatoka. Namba yake ilipoitwa nikasema, "Nipo." Udhu haujakauka mikononi.

Siku mbili zikawa nne. Kila nikirudi nampitia, namkuta amelala amegeukia ukutani, hataki mwanga. Nampikia uji. Namuuliza, "Unaendeleaje?" Anajibu, "Afadhali, wifi." Siku ya tano uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa madogo. Nikasema sasa dresa aje. Akalia. "Zimebaki tatu. Tatu tu. Usinipokonye tonge mdomoni." Nikamletea majani ya kuchemsha aliyonipa mwanamke mmoja wa kambini, nikamkanda kichwa, nikamsomea. Mumewe Ijumaa hakuja, walizuiwa na kazi.

Mtani wangu ndiye tuliyegawana naye mistari. Hakuambiwa mimba, nilimwambia homa tu.

"Homa gani ya siku saba?" aliniuliza siku ya saba, sauti ya mzaha haimo. "Mtani, mbona mgonjwa wenu anaumwa kama tajiri?"

"Amebakiza moja," nikasema. "Kesho kinatimia."

"Ya kesho nitakusaidia mistari yote. Halafu mpelekeni huyo mtu mahali."

Siku ya nane nilimwacha amekaa kitandani. Akaniambia anaona vinyota, vinapita mbele ya macho kama cheche za moto. Alicheka kidogo alipoisema. Nikamwambia, "Nikirudi nakuja na kipande chako kimejaa, halafu utake usitake namwita dresa." Akasema, "Haya, wifi." Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu, "Haya."

Namba yake ikaitwa. Nikasema "Nipo" kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Nakuambia kweli, nilikuwa na furaha.

Tukafanya kazi kama wanaokimbizwa. Mtani alikuwa anatundika mikono miwili, hasemi. Jua halijafika utosini tumemaliza mistari yangu na ya wifi. Nyapara akatia alama vipande vyote viwili, akacheka na kipande cha wifi. "Huyu mwenzio hodari," akasema, "thelathini bila pengo. Wote mngekuwa hivi, Bwana asingenipigia kelele." Akanitazama machoni alipokuwa anasema. Nikapokea, nikakikunja kwenye pindo la khanga ya kiunoni, nikaondoka mbio na njia.

Nilimwita tangu uani. "Wifi! Kimetimia!"

Nikasikia kitanda kinagonga ukuta. Ta, ta, ta.

Nilipoingia, macho yake yalikuwa juu, meupe. Mdomo povu, na povu lina damu, ameuma ulimi. Mwili mzima unaruka. Mimi nimezaa, nimezalisha, nimeosha maiti, lakini kitu kile sikuwa nimekiona. Sijui nilisimama kiasi gani. Kisha nikatoka mbio mpaka zahanati ya kambi, kichwa wazi, khanga ya kujitanda imeanguka njiani.

Dresa alikuwa amekaa kwenye kibaraza, mguu juu ya mguu, anashona mkoba wake.

"Wifi yangu anakufa!"

Akasimama. "Wifi yako nani? Namba gani?"

Nikamtajia. Nilimwona anafikiri, na mpaka leo nauona ule uso wake unavyofikiri. "Lakini huyo yupo kazini," akasema. "Leo hakuna aliyekosa. Wiki nzima genge lenu halikukosa mtu. Ndiyo maana nimekaa."

Nilimshika mkono nikamvuta.

Alifanya alichoweza. Aliponyanyua shuka akaona tumbo na miguu, akasema polepole, "Lo, mama." Akasimamisha lori la marobota lililokuwa linatoka kwenda Dar es Salaam, akabishana na dereva mpaka wakashusha marobota manne tukamlaza. Mume wangu aliitwa kutoka korona, akaja na maji ya mkonge bado yanamtiririka mikononi. Tukaenda. Kifafa kilimrudia mara mbili njiani. Tulipoipita Kibaha kidogo, pale penye miembe michache na kisima, akatulia. Nikadhani amepata usingizi. Nikamwambia dresa, "Amelala." Dresa akaweka kidole shingoni, akakiacha pale muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Kisha akavua kofia.

Mtoto naye alifia tumboni.

Dereva, Mungu amlipe, hakutushusha. Alituchukua kwa njia ya Pugu mpaka Kisarawe, na kutoka Kisarawe wanaume wakambeba kwa kitanda mpaka kwao Masaki. Ndani ya lori lile, kabla hatujafika Pugu, dresa aliniuliza, "Ameumwa siku ngapi?"

"Nane."

"Na wewe ndiye uliyemwitikia?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Hakunikaripia. Heri angenikaripia. Alisema, "Mimi naenda pasipo na sauti, mama. Nyapara akiita na watu wakanyamaza, ndipo najua pa kwenda. Ungeninyamazia asubuhi moja tu. Ya kwanza, hata ya tano. Ningemwona miguu ile, ningempeleka hospitali kubwa siku hiyo hiyo."

Asubuhi moja ya kunyamaza. Wala halikuwa jambo la kufanya, lilikuwa ni la kutofanya.

Tulimzika asubuhi, mumewe amefika usiku ule kutoka Ruvu. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Nilipofungua nguo zangu nibadilishe, kipande chake kikadondoka kutoka kwenye pindo, kimejaa, thelathini, na alama ya mwisho wino wake haujafifia. Mama mkwe wangu akakiokota. Hajui kusoma. Akauliza, "Hii karatasi nini?" Nikasema ni ya kazi. Akaniambia niitunze, ina mkono wa mwanawe. Haikuwa na mkono wa mwanawe popote, mwenzangu. Alama nane za mwisho zilikuwa mimi.

Matanga tukakaa siku tatu. Nikarudi kambini siku ya nne, jioni. Mtani akanijia amejifunika, akaniangukia begani akalia sana, halafu akajifuta akanipa kipande changu, maana nilikiacha kwenye waya siku ile nilipokimbia.

"Usiwe na wasiwasi," akasema. "Nilikuitikia siku zote. Hujapoteza hata moja."

Nikakitazama. Kisanduku cha siku tuliyomzika, kimetiwa alama. Karatasi inasema saa ile niliyokuwa nammwagia maji maiti, mimi nilikuwa Mlandizi naanika singa.

"Na namba yake?" nikamuuliza. "Walipoita namba ya wifi, ilikuwaje?"

Akageuza uso. "Kesho yake habari ilikuwa haijatufika, mtani. Tulijua mko hospitali. Nyapara alishamtolea kipande kipya."

"Nani aliitika?"

"Mimi." Akaanza kulia tena. "Nilisema nipo. Wallahi sikujua. Mistari yake tumeifanya sisi watu watano."

Basi wifi yangu, siku anayotiwa kaburini Masaki, aliitwa Mlandizi na akaitika. Na akatiwa alama ya kwanza ya kipande kipya. Nilikaa chini mchangani. Mtani akanidhania nazimia, akaniletea maji. Sikuwa nazimia. Nilikuwa nawaza sisi wanawake wote tuliojitanda khanga gizani, na yule Bwana anayetuhesabu kila asubuhi. Nani kati yetu alikuwapo kweli?

Usingizi sikuupata. Asubuhi nilikwenda ofisini, vipande vitatu mkononi: changu, na viwili vya marehemu, kikiwamo kile kipya alichoniachia mtani. Karani, mwalimu wangu wa jioni, akanizuia mlangoni.

"Mama, rudi nyumbani. Ukisema haya utajifukuzisha."

"Ulinifundisha kusoma," nikamwambia. "Na mimi nimesoma."

Akaniingiza. Bwana wa shamba alikuwa na ubao ukutani, namba za magenge kwa chaki, na penye genge letu palichorwa nyota. Nikasema, karani akafasiri. Nilieleza tangu siku ya kwanza, sikujitoa wala sikumtaja mwingine. Bwana alipoelewa kwamba mtu aliyeitika alikuwa kaburini, alimwamuru karani arudie. Karani akarudia. Akachukua kile kipande kipya, akakigeuza huku na huku kama kinachoweza kuwa na maelezo nyuma. Uso ulimwiva, kisha ukapauka.

"Bwana anauliza," akasema karani, "kwa nini msiseme tu kwamba mtu hayupo?"

"Mwambie hakuna aliyetuuliza yuko wapi. Tunaulizwa kama yupo."

Karani akafasiri. Yule Bwana akageukia ubao wake. Halafu akainuka, akaifuta ile nyota kwa kiganja. Nilidhani amenielewa. Labda alinielewa, sijui. Alichofanya ni kuzifuta alama zangu zote, nianze na moja, na kuamuru kuanzia kesho kila mwanamke aitwe uso wazi, na genge letu lisahau gunia. Nyapara akahamishwa kwenye ukataji.

Unadhani wenzangu walinishukuru? Jioni ile mlango wangu ulitupiwa singa zilizooza. "Umetuuza!" "Wifi yako umemuua mwenyewe, sasa unataka kutuua na sisi kwa njaa!" Hilo la wifi nilikuwa nimekwisha kujiambia mwenyewe. Mtani hakutukana, ila hakuja. Siku kumi hakunitania, na mtani asiyekutania ujue amekufukuza.

Siku ya kumi na moja alfajiri, nyapara mpya anaita. Ikaitwa namba ya mtani. Kimya. Nikageuka, hayupo. Nikawaona wanawake wote wananitazama mimi, nyuso wazi, na bado palikuwa na kiza cha kutosha kwa mtu kujaribu. Ikaitwa mara ya pili. Nakwambia ulimi wangu uliinuka wenyewe. Lile neno lilifika kwenye meno. Nilijua ananidai zile siku alizoniitikia. Nilijua nikinyamaza ataandikwa mtoro na mimi ndiye nitakayesemwa kambi nzima. Nikauma khanga.

Mara ya tatu. Kimya.

Dresa akachukua mkoba wake kutoka kwenye kibaraza, akaanza kutembea. Nilisikia viatu vyake vya turubai vinasaga changarawe mpaka vikapotea nyuma ya nyumba. Wanawake waliendelea kusikiliza hata viatu viliponyamaza.

Saa nne akaja mtani kwenye waya, anakuja mbio mbio, amevimba macho. Mimi nikaacha singa zikaanguka.

"Wewe Mzaramo!" akanipigia kelele toka mbali. "Umenifanya mtoro!"

"Ndiyo."

"Mwanangu alikuwa na degedege usiku kucha. Nilikuwa nimejifungia naye ndani, nikijua utaniitikia, nakudai. Mnusa Vitanda akapiga mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka!" Akafika, akanishika mabega akanitikisa. "Amemchoma sindano. Ananyonya sasa. Unasikia? Ananyonya. Na komeo langu nani atalipa, Mzaramo mwenye roho mbaya we?"

Tukashikana pale kwenye waya. Alikuwa analia, ananitukana, na mimi namjibu matusi yetu yote ya watani niliyokuwa nimeyaweka siku kumi. Yule mtoto leo ni kijana, anachunga mbuzi, ana mdomo kama mama yake.

Baada ya hapo hatukuitikiana tena. Tulianza kufanya hivi: namba ikiitwa na mwenyewe hayupo, tunanyamaza kwanza, halafu mmoja anasema kwa sauti, "Hayupo, anaumwa, nyumba ya tatu," au "Hayupo, kafiwa." Wengine tulipoteza vipande kwa sababu hiyo. Mimi nilipoteza viwili. Utoro ukaonekana mwingi kwenye ubao, Bwana akafoka sana. Lakini dresa alikuwa anatembea.

Kipande cha wifi chenye thelathini ninacho. Malipo yake sikuchukua, nilimwacha karani ayarudishe, mume wangu na mume wa marehemu wakakubali bila kuniuliza mengi. Kila nikiinuka kwenye swala ya alfajiri namwombea, na kila nikitoa salamu kulia na kushoto nasikia mtu anaita namba.

Sasa wewe mwenzangu umejua, na kazi yangu nakukabidhi. Usiyafungie haya sandukuni. Popote wanapoitwa watu kazini asubuhi, iwe mkonge, iwe reli, iwe korosho, msomee mwanamke mmoja, na asiyejua kusoma msomee polepole, naye amwambie wa pili. Mwambie mwenzake akikosekana asimpe sauti yake. Anyamaze, halafu aseme yuko nyumba gani.